UZI: Mdogo wangu anapigwa ughaibuni. Sisi tulio Pemba tumsaidie vipi bila ya kumvunjia stara?

Dada_wa_Wete (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanaukumbi. Mie ni msomaji tu humu, miaka yote napita kimya kimya. Leo nimeshindwa.

Mdogo wangu wa tumbo moja aliolewa miaka minne nyuma akafuatana na mumewe Uingereza, mji wa [umefutwa na msimamizi]. Mume ni mtoto wa kwetu kwetu, wazee wake tunawajua, ila yeye kakulia kule na ana pasipoti ya kule. Harusi ilijaa. Mama alimfungia pweza mkavu na halua, tukamsindikiza kwa boti mpaka Unguja, na pale uwanja wa ndege tukalia kilio cha furaha.

Mwaka wa kwanza alikuwa anapiga simu ya video kila siku, anatuonesha theluji, anatuonesha jiko lake. Mwaka wa pili ikawa Ijumaa kwa Ijumaa. Kisha kamera ikawa haiwashwi tena, kila siku ina hitilafu. Mwezi uliopita ikawaka kwa bahati mbaya, nikamuona kajitanda mtandio mpaka kidevuni. Yumo ndani, yuko peke yake na mtoto, na kajitanda mpaka kidevuni. Sikumuuliza kitu. Nilisubiri siku mbili nikamtumia sauti: "Mdogo wangu, mie ni dada yako, niambie." Akanijibu baada ya wiki nzima, kwa simu ya jirani.

Ndugu zanguni, anapigwa. Pasipoti yake na ya mtoto anaziweka mume. Kadi ya benki anaiweka mume. Akitaka kununua sabuni anaomba. Na kila akitaja kuondoka anaambiwa: "Piga simu polisi basi, wewe ndo utayerudishwa Pemba, mtoto atabaki hapa na mie."

Aliwahi kwenda hospitali. Wakamuitia mkalimani kwa simu, na ile sauti aliijua pale pale. Ni bwana anayeswali msikiti mmoja na mumewe. Akasema kichwa kinamuuma, akapewa dawa ya maumivu akarudi nyumbani. Mara ya pili alikuja ofisa ustawi wa jamii, mama wa Kizungu, mpole kwa maneno yake mwenyewe. Akamwambia kuna nyumba salama, atoke usiku ule ule. Mdogo wangu akasema hapana. Yule mama akaandika kitu katika karatasi zake akaenda zake, na mdogo wangu anaamini ameandikiwa kwamba kakataa msaada.

Hakukataa msaada. Alikataa kutoka usiku mmoja na mtoto, mikono mitupu, kwenda pahala asipopajua, na huku hakuna mzee wake hata mmoja mwenye habari. Kwetu mwanamke hatoki nyumba ya mume hivo. Anatoka na mtu, anatoka kuja kwa mtu.

Na lililoniuma zaidi ni langu. Mwaka jana aliniambia "dada, nna ugomvi na mume wangu", nikamwambia avumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Nilimwambia kwa ulimi wangu huu. Mama mpaka leo hajui yote, na anachokisema ni hicho hicho: vumilia, tusitiri.

Masuali yangu: haya anayoambiwa na mume ni kweli? Nani wa kumsaidia kule anayeelewa mtu wa kwetu? Na sisi tulio huku tunaweza kufanya nini zaidi ya kusoma dua?

Kijana_wa_Mkoani

Pole dada. Lakini haya ni mambo ya ndani ya watu, hayaletwi barazani. Mume naye ana upande wake hatujausikia. Wazungu kazi yao kuvunja ndoa za Waislamu. Mngewaita wazee wa pande mbili wakakaa, likesha.

Dada_wa_Wete

Mwanangu, sijamtaja mume jina na sitamtaja. Wazee wa pande mbili wako Wete na Micheweni, na kofi linapigwa Uingereza. Wakae wapi? Mtu aliyezuiwa hata simu ataitwa kikaoni na nani?

Mkalimani_wa_Mbali

Dada yangu, waalaykumu salaam. Kwanza kabla ya yote: umeandika mji. Tafadhali muombe msimamizi aufute sasa hivi. Wazanzibari wa kule wanajuana, mji mmoja huenda wana nyumba ishirini, na humu ndani mume anasoma, ndugu wa mume wanasoma. Na usitaje idadi ya watoto wala jirani ni mtu wa wapi.

(Nimeona umefutwa. Ahsante msimamizi.)

Mie nimezaliwa Ng'ambo ya mjini Unguja, nimeishi Uingereza zaidi ya miaka kumi na tano, na kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili hospitalini, mahakamani na katika ofisi za uhamiaji. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Hicho anachoambiwa na mume ni uongo, tena uongo unaofanana kila nyumba, utafikiri wamefundishwa skuli moja. Visa ya mke haiko mfukoni mwa mume. Aliyekwenda kwa visa ya mke wa raia, au wa mtu mwenye ukaazi wa kudumu, na ndoa ikavunjika kwa sababu ya ukatili, sheria inamruhusu aombe ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe bila ya kungoja ile miaka mitano. Akiwa hana pesa wala pa kulala kuna ombi dogo la kutangulia, humpa miezi mitatu ya kuruhusiwa kupata fedha na makaazi ya serikali wakati anatayarisha lile kubwa. Linasaidia sana, kwani visa ya mke kwa kawaida huandikwa kwamba haruhusiwi kugusa misaada ya umma, na ndiyo maana baadhi ya nyumba salama husita kumpokea mtu. Lakini sikiliza hapa kwa makini: akishapewa ile miezi mitatu, visa yake ya mke inaondoka. Kwa hiyo asijaze chochote kabla ya kuonana na mwanasheria mwenye kibali cha mambo ya uhamiaji. Si rafiki wa msikitini, si binamu anayejua kompyuta.

Na jambo jengine ambalo nyinyi mlio Pemba ndo mnaoweza kulizuia. Akiambiwa "twende nyumbani tukatembee", mjue. Nimekutana na wanawake walioletwa likizo Zanzibar, mume akarudi peke yake na pasipoti zote mbili mkobani. Tokea Januari 2024 mke aliyetelekezwa nje namna hiyo anaweza kuomba kuingia tena akiwa huko huko nje, lakini ni safari ndefu na mtoto huenda keshachukuliwa. Pasipoti ipigwe picha. Ukurasa wa jina, ukurasa wa visa, na namba ya uhamiaji ikiwa iko mtandaoni. Picha akutumie wewe kisha afute kwake.

Kuhusu pesa na simu: Uingereza na Wales, kumtawala mke kwa kumnyima fedha, kumkagua simu na kumtenga na watu wake ni kosa la jinai tokea 2015, hata kama hajaguswa kwa mkono. Sheria ya 2021 ikaongeza kwamba mtoto anayeona au kusikia naye ni muathirika. Wanawake wetu wengi hawalijui hili. Wanangoja damu itoke ndo waone wana haki ya kusema.

Sasa la ukalimani, maana hapo ndipo roho yangu ilipo.

Mwanamke wa Kizanzibari hasemi "mume wangu ananifanyia ukatili." Miaka yote hii sijamsikia hata mmoja akianza hivo. Anasema "hatuelewani". Anasema "roho yangu haitulii", "nna presha", "siku hizi sina raha". Anasema "ananionea". Na ikiwa ni la chumbani, basi lile ndo haliji kabisa. Anasema "hanipi nafasi hata nikiwa mgonjwa", na anaangalia chini. Mkalimani mvivu anatafsiri: wana ugomvi mdogo, ana wasiwasi, mumewe anataka tendo mara kwa mara. Daktari anaandika wasiwasi, anampa vidonge vya usingizi. Hakuna aliyesema uongo, na mwanamke karudi kule kule.

Neno "udhalilishaji" sisi tunalijua, limetangazwa redioni Zanzibar mpaka mtoto mdogo analijua. Lakini mkalimani wa Kiswahili huenda katoka Nairobi au Bukavu, na Kiswahili chake kizuri tu, ila hajui kwamba kwetu neno hilo linabeba mpaka kubakwa. Yeye analisikia kama kutukanwa tu. Nimewahi kuliona hilo katika karatasi za mahakama na nilikaa siku nzima sijala.

Kwa hiyo mdogo wako akienda tena aombe mambo matatu. Mkalimani mwanamke. Kwa simu, si wa kuja mwenyewe. Na atoke mji mwengine. Ofisi zinaweza kufanya hivo na si usumbufu kwao. Akiisikia sauti anayoijua aseme tu "simtaki huyu", halazimiki kueleza kwa nini. Na mtu wa familia ya mume asikubaliwe kabisa kutafsiri, wala mtoto.

Namba ya bure ya kule ya wanaopigwa na kuonewa majumbani, usiku na mchana, ni 0808 2000 247, na wanaweza kuunganisha mkalimani. Dharura ni 999. Akipiga kwa simu ya mkononi na hawezi kusema, asubiri aambiwe kisha abonyeze 55, atapelekwa kwa polisi. Kubonyeza 999 na kunyamaza peke yake hakutoshi, naomba mlikumbuke hilo. Kuna pia jumuiya ya wanawake ya Southall Black Sisters, wapo London tokea 1979, hawa wanajua hasa mambo ya wanawake wahamiaji wasio na haki ya misaada.

Dada_wa_Wete

Nimesoma mara tatu nikilia. Ile "hanipi nafasi hata nikiwa mgonjwa". Aliniambia maneno hayo hayo. Nilidhani ananitania.

Toronto_Darajani

Kwa walio Kanada: tokea 2019 kuna kibali cha muda cha ukaazi kwa muathirika wa ukatili wa kifamilia ambaye karatasi zake zinamtegemea mume. Cha mwanzo hakina ada, na anaweza kuomba kibali cha kazi pamoja nacho. Marekani ni sheria ya 1994: mke wa raia au wa mwenye kadi ya kijani anaomba mwenyewe na mume haambiwi. Sitaki kutia mengi, uzi ni wa dada wa Wete.

Shoga_wa_Muscat

Huku Oman ni shughuli nyengine, ukaazi wa mke uko chini ya mume moja kwa moja. Wengi hukimbilia ubalozi wetu Muscat au kwa jamaa wa ukoo, maana tunao wengi. Allah amfanyie wepesi mdogo wako.

Fuoni_Mtu_wa_Bara

Naomba nikaribie, japo uzi ni wa Uingereza.

Mimi nimetokea Mwanza, nimeolewa Unguja. Nasoma mnavyosema hana mtu, hana kwao, lugha yake haieleweki, nikajiona. Kiswahili nnacho, sawa, lakini nikifungua kinywa tu watu wanajua. Niliitwa "yule mtu wa bara" mtaani kwangu miaka sita. Siku niliyopasuliwa mdomo nilikwenda kwa mkubwa mmoja wa mtaa. Suali la kwanza hakuniuliza nani kakupiga. Aliniuliza umekuja kwa barua ya nani na kitambulisho chako cha ukaazi kiko wapi. Kitambulisho alikuwa nacho mume. Nikarudi.

Aliyenisaidia ni jirani, bibi mmoja mtu mzima, hata hatukuwa tukisalimiana sana. Hakunambia niondoke. Aliniambia, "Mwanangu, nguo zako mbili na vyeti vya mtoto viweke kwangu, viwe hapa tu." Basi. Vilikaa kwake miezi mitano, hajaniuliza hata siku moja. Siku nilipotoka nilitoka kwa mlango wake, akanifunga kanga yake, tukenda sote Mnazi Mmoja, pale kituo cha Mkono kwa Mkono. Daktari, polisi na mshauri nasaha wote pahala pamoja, sikuzungushwa na ile fomu ya polisi ya PF3 mkononi kama nilivyokuwa nikisikia zamani.

Nasema hili kwa sababu kuna wadada wa bara, wa Mombasa, wa Ngazija, wamo humu humu kwenye mitaa yenu, na wao mama yao yuko mbali kama alivyo mama yenu huyu wa Pemba.

Kijana_wa_Mkoani

Dada wa Fuoni, hili la kwako sikuwahi kulifikiri. Pole sana.

Msaidizi_wa_Sheria_Chake

Mimi ni msaidizi wa sheria hapa Pemba. Nitasema la upande wetu tu, la Uingereza kashamaliza mkalimani.

Ndoa ilifungwa huku, kwa hiyo cheti cha ndoa kiko huku. Dada, kitafuteni. Ikiwa nakala yake anayo mume, nendeni ilikosajiliwa mkachukue nyengine, na cheti cha kuzaliwa cha mdogo wako pia. Akitaka kudai haki kule ataulizwa uthibitisho wa ndoa, na huo ni msaada ambao hakuna ofisa wa London anayeweza kumpa isipokuwa nyinyi.

La talaka liko pande mbili na watu hulichanganya. Ndoa iliyofungwa Zanzibar kihalali inatambulikana kule, hivyo ataihitaji talaka ya mahakama ya kule, na tokea Aprili 2022 huko Uingereza na Wales hahitaji kuthibitisha kosa la mume. Mume akimtamkia talaka tatu sebuleni, kwa sheria ya kule bado ni mke. Kinyume chake, akipata karatasi ya mahakama ya kule na mume hajamuacha kidini, huku Pemba atahesabika mke wa mtu. Kwa hilo kuna Mahakama ya Kadhi, chini ya sheria ya 2017, na wazee wanaweza kuanza kuuliza mapema ni ushahidi gani kadhi atautaka.

Ushahidi aweke. Tarehe alizopigwa aziandike popote, hata nyuma ya kitabu cha mtoto, kwa maneno yasiyojulikana na mwengine. Lile la kichwa kuuma hospitali pia ni ushahidi, maana tarehe ipo.

Na kwa wanaosoma walio hapa kisiwani: dawati la jinsia na watoto lipo katika polisi, na namba 116, ya msaada kwa watoto, ni bure.

Ustadhi_Mdogo

Nimeona aya zinatumika vibaya sana katika mambo haya. Kikao cha wazee alichokitaja kijana kina asili, ni An-Nisaa aya ya 35, hakamu, yaani muamuzi, kutoka kwa watu wa mume na hakamu kutoka kwa watu wa mke. Lakini aya inasema wakitaka suluhu. Hakamu wa mke ni wa mke, si mzee anayekuja kumwambia nyamaza. Na hakuna fundisho linalosema mwenye kupigwa akalishwe mkeka mmoja na anayempiga, aseme mbele yake, kisha warudi nao nyumba moja usiku ule. Anaweza kusikilizwa peke yake, kwa simu, na mwanamke mwenziwe.

Bibi Aisha radhi za Allah ziwe juu yake amepokea kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Iko katika Muslim. Anayesema anapiga kwa sunna atutajie sunna ya nani.

Mlango wa kutoka upo. Khului upo, yaani mke kujivua katika ndoa kwa kurejesha mahari, na ikiwa mume ndiye dhalimu, kadhi anaweza kufasikhi, yaani kuivunja ndoa. Mdogo wako hatoki katika dini kwa kutoka nyumba hiyo, na mambo haya aambiwe kwa ulimi wa mtu anayemheshimu, kwa sababu kule anayempa karatasi ya msaada hawezi kumtoa khofu hii.

Bibi_Somo (naandikiwa na mjukuu)

Hamjambo wanangu. Mie sijui kuandika humu, mjukuu wangu anaandika nnachosema, na nimemwambia asibadilishe.

Mie ni somo. Nimefunda wari tokea wakati wa mavuno makubwa ya karafuu, sihesabu. Nimesikia huyu mtoto anauliza nani atamsaidia mdogo wake. Nataka kumuuliza: somo wake ni nani? Alipoolewa nani alikaa naye ndani?

Somo si wa kufundisha kupika na kujipara tu. Somo ndiye mtu pekee ambaye mwari haoni haya kwake. Mama yake mzazi hamwambii ya chumbani, dada hamwambii, mie ananiambia. Asubuhi ya harusi nnaingia mie. Mume akiwa na mkono mwepesi, mie ndo wa kwanza kujua, na zamani nilikuwa nikienda kwa mama wa bwana kabla jua halijatua, nakaa ukumbini kwake, nakunywa kahawa yake, na namwambia: mwanao anamuumiza mtoto niliyempa. Huyo bwana alikuwa akiona haya mtaa mzima. Stara ilikuwa ya mtoto wangu. Aliyeaibika alikuwa aliyepiga.

Sasa mnawapeleka ng'ambo bila ya somo. Mnawafungia pweza, hamuwafungii mtu. Akiumia anaulizwa na mtu asiyemjua, mezani, taa imewaka, na kalamu mkononi. Nani atasema?

Na nikiri wanangu. Nilifundisha uvumilivu, na niliwaambia wari wangu siri ya ndani isitoke. Nilikusudia wasiende kumsimulia mume sokoni. Sikukusudia wapigwe wanyamaze. Kama kuna mwanangu yeyote alinyamaza kwa neno langu, anisamehe.

Mtafuteni somo wake. Kama yu hai, ampigie yeye. Amuulize kama tunavyouliza sisi, hivi: "Mwanangu, unalala vizuri? Anakupa nafasi ya kupumua? Mkono wake ukoje?" Akianza kulia msimkatize, na msimwambie toka wala kaa. Muulizeni anataka nini.

Mkalimani_wa_Mbali

Bibi, nimeyanakili haya. Kesho nna kikao na wafanyakazi wa nyumba moja salama, wanataka tuwafundishe kuwauliza wanawake wa Afrika Mashariki. Masuali yako matatu nitawafasiria kama yalivyo. Miaka yote natafuta namna ya kuwaeleza kwamba huyu mwanamke hataki hakimu, na sikuwa na neno. Neno lilikuwa somo.

Na kwa dada wa Wete, dogo moja la vitendo: chagueni neno la kawaida ambalo likitajwa kwenye ujumbe wewe unajua ni hatari na unapiga simu kwa polisi wa mji wake kutokea huko. Mfano tu, kuuliza kama karafuu zimeanikwa. Msitumie hilo maana nishaliandika hapa, tafuteni lenu. Namba ya 999 haifanyi kazi ukiwa Pemba, kwa hiyo itafute leo namba ya kawaida ya kituo cha polisi cha mji ule inayopigika kutoka nje, na uiandike ukutani.

Kijana_wa_Mkoani

Nna dada wawili wako Denmark. Nimewapigia leo wote wawili. Nilikuwa sijui niulize vipi, nikauliza kama alivyosema bibi. Mmoja alicheka. Mwengine alikaa kimya muda.

Dada_wa_Wete

Ndugu zanguni, nimechelewa kurudi. Narudi mara moja tu.

Somo wake yu hai. Yuko Konde, macho hayaoni vizuri lakini kauli ni ile ile. Nilikwenda kwa daladala nikamsomea uzi huu wote, mpaka ya ustadhi na ya dada wa Fuoni. Akanyamaza, kisha akaniomba simu. Sitaandika alimpigia vipi na saa ngapi. Walizungumza muda mrefu na mie nilitolewa nje nikakaa na kuku uwani, kwa sababu hayakuwa yangu kusikia.

Nilipoitwa ndani aliniambia manne. Mdogo wangu anataka picha za pasipoti zikae kwangu. Anataka mkalimani mwanamke. Hataki kutoka wiki hii, anataka kutoka akiwa tayari. Na anataka mama aambiwe, lakini aambiwe na somo, si na mie.

Mama kaambiwa jana baada ya alasiri. Alikaa na tasbihi yake bila ya kuivuta. Kisha akatoka akaenda kufungua kile chumba cha uani ambacho tulikuwa tunaweka magunia, akaanza kuyatoa mwenyewe, moja moja, na hakukubali kusaidiwa. Akampelekea sauti fupi kwa simu ya jirani: "Chumba chako nishakifagia."

Cheti cha ndoa nimekipata. Mwanasheria wa kule tumempata kupitia ile namba.

Nashukuru nyote, na wewe mdogo wangu wa Mkoani nakushukuru kwa kuwapigia dada zako. Mpigie tena yule aliyenyamaza.

Kuanzia leo sitaandika tena habari za mdogo wangu humu. Naomba msiniulize amefikia wapi, hata kwa faragha, hata mnaonijua. Mkiona niko kimya, kimya hicho nimekipanga naye.

Msimamizi, uache uzi wazi kwa wengine.